Kikomo cha Mita Mia Tano

Keringet,
8 Septemba 2024

Kibii ndugu yangu,

Kabla sijakulaumu, nikusalimu kwanza. Sisi huku ni wazima. Mvua imekataa kwenda, viazi vya upande wa chini vimeoza ardhini, lakini vya juu vimekubali na Kipruto anasema tutavuna kabla mwezi haujaisha. Mama mkwe wangu magoti yanamsumbua, ila mdomo uko salama kabisa. Na mwanangu Kipngetich amenipita urefu. Nikimwita jikoni lazima ainame mlangoni, na ananicheka eti mimi ndiye ninayepungua. Binamu yetu Joan aliolewa salama, umepitwa na sherehe, na keki haikubaki.

Natalie na watoto wako hawajambo? Waambie shangazi yao anauliza watakuja lini kuona ng'ombe.

Unajua kwa nini nakuandikia kama watu wa zamani. Huku mtandao unapatikana pale kilimani kwenye zahanati peke yake, na ukisimama pale kuongea na ndugu yako unaongea na kata nzima. Nilikupigia kuhusu gauni la harusi ya Joan, na kabla sijafika nyumbani mama mkwe alishajua rangi yake. Kwa hivyo ni barua tu, na dereva wa lori la viazi ndiye posta yetu.

Sasa lawama. Ile droni uliyoniletea Agosti ni nzuri, nimeipangusa kila siku, lakini haijaruka hata kimo cha kuku. Nilikusanya familia yote uwanjani. Mama mkwe alivaa kitambaa kipya. Nikaweka simu kwenye rimoti, nikabonyeza, na simu ikaniambia kwamba haikubaliani na programu ya droni. Simu ya mwaka jana, Kibii! Shemeji yako Kipruto alicheka mpaka akaenda kucheka nyuma ya zizi. Miaka yote nafundisha watoto wa watu jiografia, nachora mistari ya mwinuko ubaoni, na sijawahi kuliona bonde letu kutoka juu. Niambie ninunue simu gani.

Jambo lingine. Kipruto amesema Kipngetich ataingia jando mwaka huu, shule zikifungwa. Nilidhani ni mwaka ujao. Sikuulizwa, niliambiwa. Wewe ulipita huko, basi niambie kitu kimoja tu: wanalala wapi na baridi hii ya Desemba?

Dada yako,
Emmy


Nakuru,
29 Septemba 2024

Dada Emmy,

Barua yako ilifika na tope la Keringet juu yake, nikajua ni yako kabla sijasoma jina. Tuko salama. Natalie amebadilishiwa kituo cha kazi, sasa anaenda Gilgil kila asubuhi na kurudi amechoka, kwa hivyo mimi ndiye mpishi na watoto wanalia. Duka linaendelea. Watu bado wanaangusha simu chooni, Mungu ni mwema.

Usinunue simu. Ndani ya hili boksi kuna moja iliyotumika, nimeifungua na kuisafisha mwenyewe. Hiyo ya kwako ya mwaka jana ni simu ya kupiga picha za chakula na kuimba kwaya. Nje inang'aa, ndani ina akili ya aina ya zamani, na programu ya droni haitaki hata kuiona. Halafu nafasi yake ni ndogo, kwa hivyo hata ingekubali, picha ingekuwa inakwama huku droni ikiendelea kuruka, na wewe ungekuwa unaangalia kilichopita. Hii niliyokutumia ina nafasi, kioo chake kinaonekana juani, na kebo yake inaingia kwenye rimoti yako bila kulazimisha. Programu haipo kwenye duka la kawaida la simu, nimeitoa kwa watengenezaji na kuiweka tayari. Ikikuuliza kama unataka kuisasisha, kataa mpaka nikwambie.

Usiweke laini ndani yake. Mtu akikupigia wakati droni iko hewani, kioo kinafunikwa na jina lake na wewe unabaki kipofu. Laini yako iweke kwenye simu ya tochi, ile mulika mwizi ya mama mkwe.

Kuhusu usalama, nimepanga kila kitu kwa mkono wangu, na naomba usiguse. Nimeweka kikomo cha umbali, mita mia tano. Ikifika hapo inasimama hewani hata ukisukuma namna gani. Nimefanya hivyo kwa sababu nakujua, unaanza kazi ukiangalia mbele na kuimaliza ukiangalia pembeni. Kabla ya kurusha subiri ikwambie imeshika mahali iliposimama, kwa sababu hapo ndipo itakaporudi ukibonyeza kitufe cha kurudi. Na ukikibonyeza usishangae: kwanza itapanda juu, mita themanini, ndipo ianze kurudi. Mteja wangu mmoja aliweka ishirini, ikarudi moja kwa moja ndani ya mkaratusi, na iko humo mpaka leo. Kumbuka pia kwamba urefu inauhesabu kutoka uliposimama wewe. Mkiwa na mlima mbele, mlima hauhesabiwi.

Karatasi za kuiandikisha droni ziko chini ya boksi, zitunze. Usirushe juu ya watu. Namba ya siri ya simu ni mwaka aliozaliwa baba.

Swali lako la mwisho nimeliona. Muulize Kipruto.

Ndugu yako,
Kibii


Keringet,
3 Novemba 2024

Kibii mpenzi wa dada yake,

Salamu nyingi kutoka kwa watu wanaokuombea kila jioni sasa, hata mama mkwe, ambaye anakuita yule kijana wa ndege. Tulivuna. Magunia mawili ya kwako yako kwenye lori hili, usimruhusu Natalie ayagawe kazini. Ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike.

Imeruka! Nililia, sikufichi. Niliona shamba letu, likiwa dogo, na nyumba, na mama mkwe akipunga mkono, halafu bonde lote hadi mtoni na msitu ng'ambo. Mto unapinda mara tatu kabla ya daraja. Nimefundisha mto huo bila kujua unapinda. Na kikomo chako kinafanya kazi. Ikifika juu ya majani ya ng'ambo inasimama na kutikisika kama ndama aliyefungwa kamba, hata nisukume vipi. Sasa nasukuma tu hadi mwisho na kuangalia mambo mengine, najua itasimama yenyewe.

Kipngetich ameniacha mbali sana. Anairusha kama mtu anayeandika jina lake, na hiyo mipangilio uliyoniambia nisiguse anaijua yote kwa moyo, ananieleza mimi kila namba ni ya nini. Juzi alikuwa anairusha nikiwa jikoni, nikamkuta anaangalia kioo. Nilimuuliza anaangalia nini, akasema wanaume wanakata nyasi. Akaishusha.

Wanaingia tarehe ishirini. Amekuwa mpole kupita kiasi. Ananichotea maji bila kuambiwa. Jana aliniambia, "Mama, nikienda usiache kuirusha. Uwe unarusha upande wa mto, pale ni pazuri." Nilimwambia nitarusha. Nilimuuliza Kipruto lile swali langu la baridi, akaniambia yeye alilala huko na hakufa.

Dada yako,
Emmy


Keringet,
11 Desemba 2024

Kibii,

Naomba uwe umelifungua gunia hili la viazi mara lilipofika, kama nilivyokwambia kwenye simu. Nilikuwa kilimani, wanaume wanne wamekaa karibu yangu, ndiyo maana nilisema viazi na si kitu kingine. Meseji siwezi. Laini iko kwenye simu ya mama mkwe na meseji zote husomwa kwa sauti mezani. Sisi ni wazima. Hapana, siwezi kuandika hivyo. Sijui kama ni wazima.

Ndani ya bahasha kuna ile kadi ndogo ya droni inayotunza picha. Usiiangalie dukani.

Jana saa kumi nilikuwa ukingoni mwa shamba. Sikuwa na nia yoyote mbaya, Mungu ananiona. Niliirusha upande wa mto kama alivyoniambia. Nikasukuma mkono wa rimoti mbele, mama mkwe akaniita kuniuliza kama nguo zimekauka, nikageuka kumjibu, na tukaongea. Nilijua imeshasimama kwenye kamba yake. Nilipogeuka tena kuangalia kioo, namba ya umbali ilikuwa imepita elfu moja na mia tatu na bado inaenda. Mto haupo. Msitu umefunguka. Pana uwazi mdogo, kibanda cha nyasi, na moshi.

Kibii, ni wao.

Nilijua ninachokiona kabla sijakielewa. Nikabonyeza kitufe cha kurudi, na badala ya kurudi ikasimama palepale juu yao na kuanza kupanda. Zile mita themanini zako! Nilisahau. Inapanda polepole, inalia, kamera inaangalia chini, na mimi siwezi kufumba macho kwa sababu nikifumba sitajua iko wapi. Waliisikia. Walikimbia wakijifunika, wote wakaingia ndani. Nilichoona cha mavazi yao na cha mahali pale sitakiandika, wala sitakisema hadi naingia kaburini.

Mmoja hakukimbia. Alikuwa amelala chini pembeni, mbali na moto. Wenzake walimruka. Hakuinua kichwa. Alikuwa amelala kwa ubavu, mkono wa kushoto chini ya shavu na goti moja limekunjwa hadi tumboni. Wamenyolewa wote, wamefanana wote, lakini nimemfunika blanketi mtu anayelala hivyo kwa miaka kumi na minne. Ni Kipngetich. Kifua chake kilikuwa kinapanda na kushuka haraka, hata kutoka huko juu niliona.

Ilirudi na kutua miguuni pangu. Mama mkwe akauliza, "Imeona nini leo?" Nikamwambia ng'ombe.

Siwezi kumwambia Kipruto. Nikimwambia mwanetu anaumwa ataniuliza nimejuaje. Unajua kinachosemwa kuhusu mwanamke aliyeona mambo ya jando, na mimi nitabeba, nimezoea kusemwa. Lakini Kipngetich ndiye atakayeitwa yule aliyeonwa na mama yake, hadi atakapozeeka, na wenzake hawatakula naye. Na nikinyamaza je? Kibii, anapumua vibaya. Wewe ni mwanaume, unaruhusiwa kuangalia. Angalia uniambie nimekosea.

Emmy


Nakuru,
13 Desemba 2024

Dada,

Nimeangalia nikiwa peke yangu, mlango umefungwa. Kadi nimeivunja na kuitupa chooni.

Hukukosea. Lakini hukuona kitu. Usiende mtoni, usimuulize Kipruto neno, usipande kilimani kunipigia. Nimemkuta dereva anageuza lori, nampa hii na mimi nakuja nyuma yake kwa gari la rafiki. Mjomba wa mtoto haulizwi amekuja kufanya nini.

K.


Keringet,
19 Desemba 2024

Kibii,

Sijui nikusalimu au nikupige. Ulipita mbele ya lango langu! Nilikuwa jikoni, nikaona gari jeupe, nikakuona wewe ndani yake umevaa koti la baba, na hukugeuza hata shingo. Na jioni yake lilishuka tena mbio, na vioo vimefungwa. Siku sita sasa. Hakuna anayeniambia chochote. Natembea ndani ya nyumba hii naosha vyombo vilivyooshwa.

Kipruto alirudi usiku ule viatu vikiwa na tope la msituni, akala, akasema, "Ako sawa." Nikamuuliza, nani? Akaniangalia muda mrefu. Miaka kumi na sita ya ndoa, na sijawahi kumuona akiniangalia hivyo. Halafu akasema, "Ndugu yako alikuja kumsalimia mpwa wake. Alikuja wakati mzuri." Akaenda kulala. Nimeshindwa kujua kama alikuwa ananishukuru au ananionya.

Halafu Jumapili kanisani. Mzee arap Chumo, yule anayewalea vijana huko, alinisubiri nje. Hajawahi kunisubiri. Akanisalimu vizuri, akauliza mvua, akauliza shule, kisha akasema, "Mwalimu, ile ndege yako ndogo bado inaruka?" Nikasema imeharibika. Akasema, "Pole. Vijana walisikia kitu kinalia juu. Wengine wanasema ni nyuki. Wakishatoka nitakuja kuiona."

Atakuja, Kibii. Ni mzee mpole, hapigi kelele, na ndiyo sababu namwogopa. Nimeificha droni na simu yake ndani ya pipa la unga na kila nikipika ugali naziona.

Niambie tu kama mtoto wangu anapumua. Neno moja.

Emmy


Nakuru,
26 Desemba 2024

Dada yangu,

Heri ya Krismasi iliyopita. Natalie alipika wali, watoto walikula viazi vyako hadi vikaisha. Nisamehe kwa ukimya. Kulikuwa na wazee pale wodini hospitalini kila siku, na dereva wa lori ni mpwa wa arap Chumo, nilikuja kujua baadaye. Hii naituma na mwalimu mwenzako aliyekuja kutembea mjini.

Anapumua. Ilikuwa homa ya mapafu. Kidonda chake kilikuwa kizuri, kisikusumbue hicho. Daktari alisikiliza kifua chake, akanigeukia, akaniuliza ni nani aliyegundua. Nilisema ni mimi. Alisema tungengoja hadi Jumatatu yeye daktari asingekuwa na mtu wa kutibu. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Nilikuwa nimekuja kwa sababu yako, sikuwa nimeamini ni vibaya hivyo.

Usiwachukie wazee. Kila walipomuuliza aliwaambia ni mafua, na alikuwa anaamka kuimba nao usiku. Ni mtoto wa Kipruto, unamjua. Siku ile uliyorusha ndiyo ya kwanza kushindwa kuamka, na arap Chumo mwenyewe alikuwa ameenda kutafuta dawa. Nilipofika hakubishana nami hata dakika moja, alimbeba mgongoni hadi kwenye gari. Sasa amepona, amerudi kumalizia na wenzake, na analala ndani, katikati, karibu na moto. Hilo ndilo jibu la swali lako la Septemba. Usiniulize lingine.

Lakini mimi nina langu. Nimelala nalo siku nyingi.

Niliweka mita mia tano. Naukumbuka mkono wangu ukiweka. Na wewe uliniandikia Novemba kwamba inasimama ng'ambo ya mto na kutikisika. Droni haiwezi kuvuka kikomo chake, hata upepo uwe vipi ingepambana kurudi. Ilienda elfu moja na mia tatu kwa sababu kikomo hakikuwepo. Kuna mtu alikiondoa.

Emmy, mimi ni ndugu yako, sitakuhukumu. Ni wewe?

Kibii


Keringet,
29 Desemba 2024

Kibii,

Nimeusoma mstari wa "anapumua" hadi karatasi imelainika. Mungu akubariki wewe na nyumba yako yote. Sisi ni wazima, sasa naweza kuandika.

Si mimi. Nakuapia mbele za Mungu. Unadhani ningeweza? Ningekuwa na ujasiri huo ningeenda kwa miguu. Barua yako iliniumiza, halafu nikaitoa simu ndani ya unga, nikaipangusa, nikaiwasha. Nilitafuta ile sehemu ya umbali kwa muda, sijawahi kuingia huko. Nikaipata. Imeandikwa kwamba hakuna kikomo.

Nilikaa chini sakafuni. Tangu lini? Nani? Mama mkwe hawezi kuwasha hata redio. Nikaanza kumshuku mume wangu, kwamba alitaka kunitega, au alitaka nione, na yote mawili yananitisha. Namba ya siri tunaijua wewe, mimi na Kipngetich peke yetu.

Nimeiacha kama ilivyo. Naogopa kuigusa. Wanatoka Jumamosi. Na arap Chumo amemtuma mtu kuniambia atafika pamoja na vijana, nimwandalie chai.

Emmy


Nakuru,
2 Januari 2025

Dada,

Mwaka mpya uwe mwema kwako. Hii nimemwachia yuleyule mwalimu mwenzako, atakupa mkononi.

Nilienda juzi kumpelekea mtoto blanketi, na nikapata nafasi ya kukaa naye. Tuliongea mambo ambayo sitakuandikia. Halafu nikamuuliza kuhusu simu, kwa sababu simu si siri ya mtu.

Hakunificha. Alikiondoa yeye, jioni ya kuamkia kuingia, ulipokuwa unamkamulia maziwa ya mwisho. Walipokuwa wanajenga kibanda aliwaona kutoka juu, akajua upande. Ndiyo maana alikuambia urushe kuelekea mtoni.

Nilimuuliza kwa nini hakukwambia. Nakuandikia alivyojibu, neno kwa neno: "Nikimwambia atakataa. Na akikubali atakuwa amefanya makosa. Mama husukuma mkono mbele na kuangalia pembeni. Nikajua siku moja itaenda yenyewe, na hatakuwa amekosa."

Nimerekebisha simu nusu ya maisha yangu na sijawahi kuona mtu akipanga mipangilio kwa kuijua tabia ya mama yake.

Sitaandika kwamba aliogopa. Neno hilo siliandiki juu ya mwanaume. Alitaka tu ujue alipo.

Rudisha kikomo kabla ya Jumamosi. Usisahau.

Kibii


Keringet,
12 Januari 2025

Ndugu yangu Kibii,

Salamu kutoka kwa watu walioshiba. Nyama bado ipo, mama mkwe amecheza hadi magoti yamepona kwa wiki moja, na ndama tumempa jina la Natalie, asikasirike. Shule zimefunguliwa.

Barua yako ilinifikia Jumatatu, sherehe imeshapita siku mbili. Mwalimu yule alikuwa na homa nyumbani kwake nayo iko mkobani. Kwa hivyo Jumamosi sikujua lolote, na kikomo sikukirudisha. Sikiliza basi kilichotokea.

Walitoka saa nne. Uwanja ulijaa. Alipita mbele yangu akiwa mrefu na mwembamba, macho chini, na akaninyooshea mkono kama wanaume wanavyosalimia. Sikumkumbatia. Nilitaka kumshika uso na kumhesabu mbavu. Nilimpa mkono tu, kama mama za wengine.

Tulipomaliza kula, arap Chumo aliweka kikombe chini mbele ya wazee wote na Kipruto, akasema, "Mwalimu, leo nimekuja kuiona ile ndege. Nataka kujua inafika wapi." Nilienda kuichukua, nikarudi nayo na simu. Kijana mmoja wa chuo alikuwa amekaa karibu ya mzee, anayejua kusoma vitu hivi. Nilijua akifungua tu, mtoto wangu amekwisha.

Kipngetich akasimama. Akasema, "Mzee, mama hajui kuipanga. Mimi ndiye naijua." Akaichukua simu mkononi mwangu bila kuniangalia. Alisimama pale mbele ya watu wote, kidole gumba kinatembea kwenye kioo kana kwamba anaitafuta tu ile sehemu, halafu akainama na kumwekea mzee machoni. "Soma hapo. Mita mia tano. Ikifika hapo inasimama. Haifiki msituni."

Arap Chumo alivaa miwani. Akasoma. Akampa yule kijana wa chuo, naye akasoma, akasema ndiyo, ni mia tano. Mzee akavua miwani, akaikunja, akamwangalia Kipngetich, kisha akaniangalia mimi. Huyo ndiye aliyembeba mgongoni, Kibii. Sidhani kuna kitu asichokijua. Akasema, "Basi walikuwa nyuki." Akaomba chai nyingine.

Kipruto alikuwa anaangalia chini, na nikaona mabega yake yanatikisika kidogo. Sijui alikuwa anacheka au nini. Sitamuuliza.

Siku mbili baadaye ndipo nilisoma barua yako, jikoni, na nikalia mpaka nikakaa juu ya kuni. Nilifurahi na kuumia kwa pamoja na siwezi kukutenganishia. Aliiondoa ile kamba nimfikie, na aliporudi akaifunga mwenyewe mbele ya watu.

Leo asubuhi alikuja kuniaga akienda shule. Sasa ni mwanaume, haingii jikoni, alisimama mlangoni na wala hakuinama. Akasema, "Mama, ile namba usiibadilishe." Nikamwambia sitaibadilisha. Kisha akauliza kama bado nitakuwa narusha upande wa mto. Nikamwambia nitarusha hadi pale inaposimama.

Akacheka, Kibii, akachukua sanduku lake akaenda.

Choma hii na zile nyingine zote.

Dada yako,
Emmy